Nakala ya Mkunga

Simu ya Eteri inawaka, inapiga picha,
inajua saa, inajua kuwa leo Tbilisi kuna theluji.
Ila haijijui yenyewe.
Nabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli:
inanijibu sifuri, sifuri, sifuri,
safu ya mayai matupu.

"Mweleze," Eteri anamsukuma mwanawe bega.
Datuna, miaka kumi na minne, masikio mekundu
kwa baridi au kwa jambo jingine,
anaongea na viatu vyake.
Alitaka kuondoa matangazo tu.
Akafukua mzizi, akapewa ufalme mzima wa simu,
kila mlango, kila chumba, hata kile kidogo
chenye herufi tatu asizozielewa.
Akakifuta, apate nafasi.

"Ulitoa nakala kwanza?"
"Nilitoa."
"Ukaiweka wapi?"
"Humohumo."

Akiba haiozi, ni kweli.
Hata ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba
hauozi; unakutazama tu dirishani.

Eteri hataki kiti.
Juzi usiku, Varketili, ghorofa ya saba,
mwanamke alimpigia mara kumi na moja.
Mtoto akadakwa na jirani, fundi wa vigae,
kwa taulo la jikoni.
"Wako salama," anasema,
kama mtu aliyehesabu chenji ikapungua.

Nugzari, bwana wangu, aliondoka vuli iliyopita
kwenda kupakia makasha Wrocław.
Aliniachia kibanda hiki chini ya barabara,
koleo, deni la pango,
na kopo la kahawa lenye diski ndani ya soksi.
"Hata simu ikija kwa kioo tu," alizoea kusema,
"chota kile chumba kidogo kwanza.
Picha zina wa kuzililia.
Hiki hakina mtu, mpaka kiondoke."
Nilidhani ni uzee.

Naichomeka diski. Faili mia tatu na ushee,
wala hakuna jina la mteja hata moja:
*mwalimu wa fidla, hasira*
*teksi ya kijani, hakulipa*
*mjane, usimtajie bei halisi*
na hapo, kati ya dalali na mlevi,
*mkunga, kioo, mvua.*

Megabaiti ishirini.
Video ya paka ni nzito kuliko hiyo.

Natazama chaji. Natazama modeli, herufi kwa herufi,
kisha namba iliyobandikwa chini ya betri,
maana kumvika mtu utambulisho wa mwingine
si ufundi tena, ni wizi.
Kebo. Kioo cheusi, maandishi meupe.
Datuna ameacha kupumua.
Simu inazima.
Nembo inatokea, inapotea, inatokea,
inakaa muda mrefu kuliko nilivyoomba.

Nyota, reli, sifuri, sita, reli.
Tarakimu kumi na tano, zote zimerudi kazini.
Vijiti vya mtandao vinasimama kimoja kimoja,
kisha ujumbe uliokwama unamwagika,
simu inatetemeka hadi ukingoni mwa meza.
Eteri anaidaka ikiita.
"Yanakuja kila baada ya dakika ngapi?
La, usisukume bado," anasema, na tayari yuko ngazini,
koti mkono mmoja.

Datuna amebaki na sarafu kiganjani.
Namwambia azinunulie kadi ya kumbukumbu,
aiweke mbali na simu, droo ya soksi inatosha.
Anaitikia, kisha anauliza zile herufi tatu maana yake nini.
Tunakaa hapo hadi watu wa treni ya mwisho wanapita.

Usiku, kabla ya kurudisha diski koponi,
nikasogeza orodha mpaka chini.
Faili ya mwisho ina tarehe ya siku aliyosafiri:
*Ucha, mwanafunzi. Atasahau. Nakala mbili.*